Kusali Penye Chanja za Dagaa: Jibu kwa Msomaji wa Bagamoyo

SWALI

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Bagamoyo, na kazi yangu ni dagaa: nanunua kwa wavuvi alfajiri, nachemsha, naanika, nauza. Naamka saa tisa usiku na narudi nyumbani jua likizama. Zamani nilisali Rozari kila siku na sikukosa jumuiya. Sasa nikishika Biblia saa tatu usiku nasinzia kabla ya mstari wa tatu. Mwenzangu mmoja ameniambia kwamba asiyeweza kumpa Mungu hata saa moja kwa siku hampendi, na neno hilo limenikaa rohoni. Nifanyeje nipate muda wa kukua katika imani, wakati kazi yenyewe siwezi kuiacha?"

JIBU

Milele na milele, amina, dada yangu. Kabla sijagusa habari ya muda nataka kwanza nikuondolee neno la mwenzako, kwa sababu mtu aliyeambiwa kwamba hampendi Mungu hawezi kusali kwa utulivu hata akipewa siku nzima ya kusali. Saa hiyo moja mwenzako hakuizua; imo katika Injili. Usiku wa kukamatwa kwake, Bwana aliwakuta wanafunzi wamelala katika bustani ya Gethsemane, akamwuliza Petro kama hawakuweza kukesha pamoja naye hata saa moja. Lakini watazame hao waliolala ni akina nani. Petro, Yakobo na Yohana walikuwa wavuvi, watu waliozoea kukesha usiku kucha juu ya maji, na Luka anaeleza kwamba usiku ule walilala kwa huzuni. Na papo hapo, kabla hawajapata la kujibu, Bwana mwenyewe aliwatolea udhuru: "Roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu." Ule ulikuwa usiku mmoja wa pekee, aliohitaji rafiki karibu naye. Hakuwa anaweka kipimo cha kila siku cha kuwapimia akina mama wanaoamka saa tisa.

Mtakatifu Fransisko wa Sale, askofu wa Geneva aliyefariki mwaka 1622, alitumia sehemu kubwa ya utume wake kuwafundisha walei kusali wakiwa katika ndoa zao na kazi zao, na alilisema jambo hili bila kuzunguka: ibada ya askofu, ya mtawa, ya fundi na ya mama mwenye familia haziwezi kufanana, na fundi atakayeshinda kanisani kama mtawa huku kazi yake imelala, ibada yake imekwenda kombo. Mwenzako huenda amestaafu, au watoto wake wamekwisha kujitegemea, na saa yake moja ni sadaka nzuri. Wewe Mungu hakuombi saa ya mtu mwingine.

Sasa nitakuambia kile ninachokiona katika barua yako, nawe utanisamehe kama nitakuwa mkali kidogo. Tatizo lako haliko kwenye wingi wa kazi, wala kwenye upungufu wa mapenzi. Liko kwenye saa uliyomchagulia Mungu. Mtu aliyeamka saa tisa usiku, ikifika saa tatu usiku amekwisha kuwa macho kwa saa 18. Hapo unamletea Mungu masalio ya mwili wako, kisha unajilaumu kwa kuwa masalio hayatoshi. Usiku huo unachohitaji ni usingizi, na usingizi nao ni kipawa chake. Nabii Eliya alipochoka hata akaomba afe, malaika hakumwambia ainuke asali. Alimwamsha akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha mara ya pili akamlisha, na ndipo Eliya akapata nguvu za kwenda mpaka Horebu alikoisikia ile "sauti ndogo, ya utulivu". Basi nakuomba ufunge Biblia ya saa tatu usiku. Ifunge bila hatia.

Halafu tuitazame siku yako yenyewe, kwa sababu muda unaoutafuta nimeuona humo. Mimi nimekaa na wanika dagaa mara nyingi, wengine wao walikuwa wanafunzi wangu wa mafundisho ya ubatizo, na najua kwamba kazi hiyo ina mbio kali na ina kungoja kwingi. Unafika ufukweni saa kumi alfajiri, na mashua bado. Taa zake unaziona mbali, na huna la kufanya ila kuketi juu ya ndoo uliyoipindua. Kisha mashua zinafika, na hapo hakuna sala ndefu itakayowezekana, maana ni bei, ni kelele, ni kubeba na kusuuza. Kisha unangoja tena, sufuria ya maji ya chumvi ichemke. Unatia dagaa, unaepua, unamwaga juu ya chanja, unatandaza kwa vidole mpaka wasilaliane. Na baada ya hapo inaanza kungoja kurefu kuliko kote, kwa kugeuza, kutazama mawingu na kufukuza kunguru. Ukizihesabu saa hizo zote utaona kwamba mikono yako ina kazi kutwa, lakini moyo wako hauna kazi kwa vipande vingi vya siku, nao hujaza vipande hivyo kwa hofu za ada ya shule na madeni ya kuni. Vipande hivyo ndivyo ninavyokuomba.

Kipande cha kwanza, ambacho ndicho kikuu, ni kile cha kungoja mashua. Bagamoyo tunaishi na jirani Waislamu, na wewe unaisikia kila siku adhana ya alfajiri ikitoka misikitini wakati umekwisha kuwa ufukweni. Jirani yako akiisikia sauti hiyo hajiulizi kama ana muda, wala haangalii kama moyo wake umechangamka. Saa imefika, anasimama. Nasi Wakristo tuna urithi wa namna hiyo hiyo, ila wengi tumeuacha uondoke mikononi mwetu. Danieli alipiga magoti mara tatu kila siku, madirisha yamefunguliwa kuelekea Yerusalemu. Didake, mafundisho ya kale kabisa ya Wakristo wa mwanzo, yaliagiza Sala ya Bwana isaliwe mara tatu kwa siku. Kengele ya Malaika wa Bwana, asubuhi, adhuhuri na jioni, inatokana na hekima hiyo hiyo kwamba saa ya sala ipangwe kabla, ili mtu asihitaji kuamua upya kila siku. Kuamua kunachosha kuliko kusali. Kwa hiyo usijiambie "nitasali nikipata nafasi". Jiambie kwamba ukishaketi juu ya ndoo, taa za mashua zingali mbali, hiyo ni saa yako na Bwana, dakika kumi, hata siku ambayo huna hamu nayo.

Katika dakika hizo kumi soma Injili ya Marko. Nimeichagua kwa sababu ni fupi kuliko zote nne, sura 16 tu, na kwa sababu imejaa ufukwe, mashua, dhoruba na watu wa kazi. Usisome sura nzima. Soma tukio moja, kisha lisome tena kwa sauti ya chini, polepole, kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Mara ya kwanza utaelewa kilichotokea, na mara ya pili utakuta kuna neno moja limekushika, pengine bila wewe kujua kwa nini. Kaa na neno hilo. Mwulize Bwana, "Unataka kuniambia nini hapa?", halafu mjibu kwa maneno yako mwenyewe, hata kama jibu ni malalamiko. Mwishowe nyamaza kidogo tu. Guigo wa Pili, mmonaki Mkartusi wa karne ya 12, aliifananisha njia hii na ngazi ya vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali na kutulia mbele za Mungu. Wamonaki waliipanda kwa saa nyingi, lakini ngazi ni ile ile hata ukiipanda kwa dakika kumi.

Neno lile lililokushika usiliache ufukweni. Ulinieleza mahali pengine katika barua yako kwamba unaogopa kushika Biblia kwa mikono yenye harufu ya dagaa na magamba. Bwana wetu aliokota wafuasi wake wa kwanza katikati ya magamba, kwa hiyo hilo lisikusumbue, ila naelewa kwamba hutaki kurasa ziharibike. Basi kata kipande cha karatasi, uandike mstari mmoja, ukikunje, ukifunge kwenye pindo la khanga pamoja na pesa za mauzo. Siku nzima, kila utakapofungua pindo kutoa chenji, vidole vyako vitaigusa karatasi ile kabla ya kuigusa noti, nawe utalikumbuka neno. Kesho yake utaandika mwingine. Mstari mmoja ulioguswa mara 30 kwa siku, katikati ya mabishano ya bei, huingia ndani kuliko sura tatu zilizosomwa kwa kusinzia.

Hapa sisemi jambo nililolisikia tu. Nilipokuwa katekista kijana nilisoma Maandiko kila siku, tena kwa muda mrefu, na kwa miaka kadhaa nilidhani kwamba nasali. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta cha kuwafundisha wengine. Kila mstari niliupeleka kwa darasa langu kabla haujanifikia mimi. Nilijua sana, na ndani nilikuwa mkavu kama kifuu. Padre mmoja mzee aliyenisikiliza katika kitubio alinipa malipizi ambayo sijayasahau: nisome mistari mitano tu kwa mwezi mzima, ile ile, na nisimfundishe mtu yeyote juu yake. Wiki ya kwanza niliona nachezewa. Wiki ya tatu nililia. Tangu hapo sina imani na hesabu za kurasa, na ndiyo maana nakusihi usianze mpango wa kumaliza Biblia nzima katika mwaka mmoja. Biblia ina sura 1,189 bila kuhesabu vitabu vya Deuterokanoni, vile vya ziada vilivyomo katika Biblia yetu Wakatoliki, yaani zaidi ya sura tatu kila siku, na kwa maisha yako hilo litakuwa deni jingine juu ya madeni.

Kipande cha pili ni kazi ya mikono yenyewe, na hapa nina hadithi ya Kiafrika ya kukupa. Mtakatifu Antoni, baba wa wamonaki wa jangwa la Misri katika karne ya nne, alizidiwa siku moja na uvivu wa roho na mawazo mengi, akamlilia Mungu kwamba anataka kuokoka lakini mawazo hayamwachi. Akatoka nje, akaona mtu anayefanana naye ameketi anasuka kamba ya makuti. Kisha mtu yule akainuka akasali, kisha akaketi tena akasuka, kisha akainuka tena akasali. Alikuwa malaika aliyetumwa kumwonyesha. Antoni akasikia akiambiwa, "Fanya hivi, nawe utaokoka." Wewe umezaliwa katika pwani ya ukili na makuti, unajua jinsi vidole vinavyosuka vyenyewe huku mdomo unazungumza. Wamonaki wa Misri waliishi kwa kuuza mikeka na vikapu, na katika kusuka kwao walirudia sala fupi ambayo Yohane Kasiano, aliyekaa nao na kuandika mafundisho yao, aliichukua kutoka mwanzo wa Zaburi ya 70: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Aliandika kwamba mstari huo mmoja unatosha kwa kila hali, ukiwa na njaa au umeshiba, ukijaribiwa au ukifurahi.

Unapogeuza dagaa kwenye chanja, usali hiyo. Usiifanye iwe hesabu. Mara moja kila unapoanza chanja nyingine inatosha. Na kama moyo wako unaikumbuka Rozari, irudishe kwa namna hii, fumbo moja tu kwa siku, yaani Salamu Maria kumi, ukihesabu kwa vidole wakati sufuria inatafuta kuchemka. Siku tano zitakamilisha mafumbo matano. Mama Maria naye alikuwa mwanamke wa sufuria na kuni.

Utaniambia, na kila mtu huniambia, kwamba mawazo yatakuja. Yatakuja. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 15, Abramu ametayarisha sadaka kama Mungu alivyomwagiza, ameipanga, anangoja, na Mungu anakawia. Ndege wala nyama wakatua juu ya mizoga, naye Abramu akawafukuza. Maandiko hayasemi kwamba Mungu alimkasirikia kwa sababu ndege walikuja, wala kwamba sadaka ilibatilika. Alikaa pale akifukuza mpaka jua lilipokuwa likichwa, na usiku ule Mungu akafanya agano naye. Wewe ambaye umeshinda juani na kijiti mkononi ukiwafukuza kunguru unalielewa fungu hili kuliko wasomi wengi. Kunguru akitua huachi chanja kwa hasira, wala humkimbizi mpaka mjini. Unapunga kijiti na kurudi mahali pako. Deni la kuni likikujia katikati ya sala, fanya hivyo hivyo. Mtu aliyetumia dakika kumi zote kufukuza amesali dakika kumi.

Juu ya simu nitasema machache. Wengi wanasoma Injili kwenye simu, na kwa mtu anayeketi gizani alfajiri mwanga wake unasaidia kweli. Ila kabla ya kufungua Injili zima data, kwa sababu ujumbe wa mnunuzi wa Dar es Salaam ukiingia katikati ya tukio, huyo ni kunguru usiyeweza kumfukuza kwa kijiti. Ukiweza kupata Agano Jipya dogo la karatasi na tochi, ni afadhali zaidi. Na kama Kiswahili cha tafsiri ya Muungano, ile Biblia kamili ya mwaka 1952, kinakupa shida kwa maneno yake ya kale, soma Habari Njema ya miaka ya 1990, ambayo imeandikwa kwa lugha nyepesi. Mimi husoma Habari Njema ili nielewe, na Muungano ili nikumbuke, maana mistari yake ina mwendo unaoshika kichwani.

Usiku, baada ya kula, fanya jambo moja tu, na ulifanye pamoja na watoto kabla hawajalala. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwafundisha watu kuipitia siku mbele za Mungu kwa hatua tano: kushukuru, kuomba mwanga, kuipitia siku tangu ilipoanza, kuomba msamaha, na kuazimia jambo la kesho. Kwa watoto ifupishe. Kila mmoja ataje jambo moja la kushukuru na jambo moja la kuomba radhi, kisha msali Baba Yetu, kisha mlale. Wewe nawe utaje lako mbele yao. Kama uliinua sauti juu ya yule mdogo asubuhi, liseme hilo. Watoto wanaomsikia mama yao akiomba radhi kwa Mungu hujifunza mambo ambayo mimi, kwa miaka yangu yote ya kufundisha komunyo ya kwanza, sikuweza kuyafundisha kwa maneno. Itawachukua dakika tano, na hutasinzia, kwa sababu watoto hawatakuruhusu.

Nimefika kwenye jambo ambalo limenifurahisha tangu nilipoanza kulifikiri swali lako. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huvuta dagaa usiku wa giza tu. Mwezi unapokuwa mpevu bahari yote ina mwanga, taa ya mvuvi haina nguvu, na mashua za dagaa hupumzika siku kadhaa. Wewe unaijua mbalamwezi kama siku za kukosa fedha, na najua kwamba ni siku ngumu. Lakini ni siku ambazo Mungu ameziweka ndani ya kazi yako kila mwezi, na katika hizo nakuomba umpe asubuhi moja. Fua na upike siku nyingine. Asubuhi hiyo nenda pale misioni ya kale, iliyoanzishwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868 walipovuka kutoka Zanzibar. Umepita mbele yake maisha yako yote ukienda sokoni na kanisani, na pengine hujawahi kuketi. Keti chini ya miembe, au kwenye groto ya Bikira Maria, au pale makaburini walikolala wamisionari, wengi wao vijana waliochukuliwa na homa. Chukua karatasi zote za mwezi ulizozifunga kwenye pindo, uzipange mbele yako, uzisome moja moja. Utaona jambo ambalo siku moja moja haikuweza kukuonyesha: neno fulani limerudi mara tano, au swali lile lile uliloliuliza mwanzoni limejibiwa katikati. Hapo ndipo mtu hutambua kwamba amekuwa akisemezwa. Kama padre yupo, pokea kitubio siku hiyo hiyo.

Na jambo hili lina upande wa ndani zaidi. Pasaka ya Wayahudi ilisherehekewa mwezi ulipokuwa mpevu, na Kanisa linaiadhimisha Pasaka ya Bwana Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake. Maana yake ni kwamba Juma Kuu huangukia kwenye mbalamwezi kila mwaka. Ule usiku wa Gethsemane ambao mwenzako aliutumia kukuhukumu ulikuwa usiku wa mbalamwezi, na wavuvi watatu walikuwa wamelala chini ya miti. Kwa hiyo katika juma lile ambalo Kanisa linatuomba tukeshe, mashua zako ziko ufukweni zimeegeshwa. Alhamisi Kuu, baada ya Misa ya jioni, Ekaristi ikiwa imehamishiwa mahali pake pa kuabudiwa, wewe huna sababu ya kuamka saa tisa kesho yake. Hapo mpe Bwana ile saa moja. Mpe siku hiyo kwa mapenzi, akiwa ameihitaji, na mwenzako mwende naye.

Kuhusu jumuiya, usijitenge kwa sababu ya aibu. Nimewaona akina mama wengi wakikosa mara mbili tatu, kisha wakakosa mwaka mzima kwa kuogopa kuulizwa. Jumuiya Ndogo Ndogo zilianzishwa katika nchi zetu ili Injili isomwe majumbani, katikati ya majirani, na jumuiya isiyoweza kumsubiri mwanika dagaa imesahau kazi yake. Mwambie mwenyekiti ukweli, kwamba utakuja wiki za mbalamwezi bila kukosa na wiki za giza utakapoweza, na mwombe siku moja mkutane kwako, hata kama nyumba ina harufu ya kazi. Injili ya Jumapili mnayoisoma pale uisome ukiwa umeketi kwenye ndoo asubuhi ya siku hiyo, ili ufike ukiwa na neno moja la kusema.

Zitakuja pia siku ambazo utaketi, utasoma, na hutasikia kitu. Wiki nzima inaweza kupita hivyo. Usiongeze dakika siku hizo kwa hofu, wala usipunguze kwa kukata tamaa. Kaa dakika zako kumi na uondoke. Wavuvi wako hutoka usiku hata pale ambapo jana yake walirudi na mashua tupu, na hakuna anayewaambia kwamba hawaipendi bahari. Lakini ukavu ukiambatana na kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula na huzuni isiyo na sababu kwa wiki nyingi, usiuite jaribu la kiroho peke yake. Nenda hospitali, kisha umwone padre, kwa mpangilio wowote, ila uende kote kuwili.

Nimekupa mengi, na najua hatari ya kutoa mengi, kwa hiyo nakuomba usianze yote. Kwa mwezi mmoja fanya mawili tu, ndoo ya alfajiri na sala ya usiku pamoja na watoto. Karatasi ya pindo itajiongeza yenyewe, na mbalamwezi ikifika utaamua mengine. Kesho ukishaketi, fungua Marko sura ya kwanza, uanzie mstari wa 16, na mistari 15 ya mwanzo utairudia siku nyingine. Ni mistari mitano, mpaka wa 20. Ndani yake kuna watu wawili wanatupa jarife baharini, wengine wawili wako chomboni wanazitengeneza nyavu zao, na kuna mtu anapita kando ya bahari.